Kodi ya Aprili: fedha za hisani na watu walio karibu kukosa pa kukaa Mtwara na Lindi

Mkataba wa pango wa miezi sita uliosainiwa Oktoba huisha Aprili. Kwa mpangaji wa Mtwara au Lindi hesabu hiyo ndogo imebeba mambo makubwa. Oktoba minada ya korosho inaanza na fedha inatembea. Hata asiye na mkorosho mmoja hupata cha kushika. Mama lishe anauza, bodaboda hakosi abiria, kibarua anapakia magunia ghalani. Kodi ya miezi sita inalipika. Ikifika Aprili mambo yamegeuka. Mvua iko juu, fedha ya korosho imeishia kwenye ada, madeni na unga, ufuta bado unangojwa, na mbaazi ziko mbali zaidi. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka miezi sita mingine kwa mkupuo. Ndipo unakutana na guta barabarani limebeba godoro, ndoo na sufuria, mama analifuata kwa miguu, na ukimuuliza atakujibu anakwenda "kwa dada, kidogo tu".

Hiyo "kidogo tu" ndiyo ninayoiandikia makala hii.

Aprili huku kwetu ina historia yake hata kwa upande wa hali ya hewa. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilifika tarehe 15 Aprili. Kenneth, kilichoingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kilikuja tarehe 25 Aprili 2019, na watu wa Mtwara walihama maeneo ya chini kwa hofu yake. Hidaya ilikuja mwanzoni mwa Mei 2024, ikaleta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Kwa hiyo mwezi ambao mfuko wa mpangaji ni mwepesi kuliko miezi yote, ndio mwezi ambao kulala nje ni hatari kuliko miezi yote. Mtu yeyote anayetaka kutoa sadaka au kuendesha mfuko wa kusaidia makazi katika mikoa hii miwili angeanza na kalenda hiyo kabla ya kuanza na kiasi.

Nitaeleza kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifanya nianze kuuliza fedha za hisani zinapita wapi. Kikundi chetu cha hisa kina mfuko wa jamii, kama vikundi vingi. Kila mkutano mwanachama anatoa kiasi kidogo mbali na hisa zake, na fedha hiyo ni ya kusaidiana, haikopeshwi kwa riba. Mwaka mmoja, mwezi wa nne, mwenzetu aliyepanga chumba na sebule Chikongola aliomba mfuko umsaidie kodi. Tukafungua katiba ya kikundi. Katiba ilitaja ugonjwa, msiba na uzazi. Kodi haikutajwa. Tulimwonea huruma, na tukamnyima. Haikupita wiki mbili akawa Dihimba, nje ya mji, kwa mama yake. Watoto wawili wameacha shule ya mjini katikati ya muhula, na biashara yake ya maandazi imekufa, maana wateja wake walikuwa mjini. Fedha sandukuni ilikuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, nilijua kiasi chake.

Hakuna aliyemdhulumu mwenzetu. Mwenye nyumba alidai haki yake, kikundi kilifuata katiba yake. Ila familia moja ilipoteza makazi kwa sababu fedha iliyokuwa mita chache kutoka kwake ilikuwa imeandikiwa mambo mengine. Nimekuja kuona baadaye kwamba fedha nyingi za hisani, hata zile za mamilioni, hukwama kwa namna hiyohiyo.

Asiye na makazi huku kwetu hulala wapi

Picha ya mtu asiye na makazi tuliyozoea kuiona kwenye televisheni ni ya mtu aliyelala kando ya barabara juu ya maboksi. Kwetu hao ni wachache. Anayekosa nyumba Mtwara hulala sebuleni kwa shemeji. Watoto hugawanywa: mmoja kwa bibi, mmoja kwa mama mdogo, mkubwa kwa rafiki. Mama hulala dukani kwa mwajiri wake. Kijana hujibanza gheto na wenzake watano. Undugu unabeba mzigo ambao nchi nyingine hubebwa na majengo maalumu ya kulaza watu, na ni jambo la kushukuru. Lakini undugu huo huo unaficha tatizo. Katika sensa ya 2022, iliyohesabu watu wapatao milioni 1.63 Mkoa wa Mtwara na milioni 1.19 Lindi, kila mtu alihesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Familia iliyobanwa sebuleni kwa shemeji ikaandikwa kwenye kaya ya shemeji. Ukisoma takwimu hutaiona.

Na kisichoonekana hakichangiwi. Nyumba iliyobomolewa na mafuriko inapigwa picha. Mwanamke aliyejikunja kwenye mkeka wa dada yake hapigwi picha, na mwenyewe asingekubali. Waswahili wanasema nyumba ni sitara. Aliyepoteza sitara hatangazi.

Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu msaada wa kuzuia mtu asikose makazi, tunazungumza kuhusu kipindi kifupi sana: zile siku kati ya notisi ya mwenye nyumba na guta kupakiwa. Baada ya hapo msaada unakuwa mwingine na ghali zaidi. Atahitaji kodi ya nyumba mpya ya miezi sita, mwezi mmoja wa dalali, nauli ya kusomba vyombo, na pengine sare mpya za shule. Kabla ya hapo pengine angehitaji miezi miwili tu ili afike kwenye ufuta.

Ushahidi kutoka mbali, na mipaka yake

Swali hili limepimwa vizuri katika mji ambao haufanani na wetu hata kidogo. Chicago, nchini Marekani, kuna kituo cha simu ambacho mtu anayekaribia kufukuzwa kwenye nyumba hupiga kuomba msaada wa mara moja. Fedha za msaada huo hazipatikani kila siku. Leo zipo, kesho zimekwisha, keshokutwa zimeingia nyingine. Watafiti watatu, William Evans, James Sullivan na Melanie Wallskog, waliona kwamba bahati hiyo ya siku inaweza kuwa kipimo. Wakalinganisha waliopiga simu siku ambayo fedha zipo na waliopiga siku ambayo hazipo, wote wakiwa na shida za aina moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science: uwezekano wa waliopiga siku yenye fedha kuishia kwenye majengo ya kulaza wasio na nyumba ndani ya miezi sita ulikuwa mdogo kwa asilimia 76.

Ukisikia asilimia 76 unataka kufungua mfuko kesho asubuhi. Ngoja kwanza. Katika utafiti huohuo, hata wale waliokosa fedha, walioishia kwenye majengo hayo walikuwa kama 2 tu katika kila 100. Wengine wote walipata njia: ndugu, mkopo, chumba cha bei rahisi. Maana yake ni kwamba ukimpa kila anayeomba, sehemu kubwa ya fedha yako itakwenda kwa watu ambao wasingelala nje. Hilo halimaanishi fedha imepotea, kwa sababu huenda umemwepushia mtu deni baya au kuuza cherehani yake. Lakini ndilo fumbo gumu kuliko yote katika kazi hii. Anayekuja akilia na anayekaribia kweli kukosa pa kulala si lazima wawe mtu mmoja, na wa pili mara nyingi haji kabisa.

Hapa ndipo mtaa unapoweza kuushinda mji mkubwa. Mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, imamu, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo na mama anayeuza mkaa wanajua nani ana kaka mwenye nyumba tupu Mikindani na nani hana mtu. Wanajua nani amepewa notisi ya kweli na nani amegombana tu na mwenye nyumba. Ujuzi huo wa mtaani una thamani kubwa mradi uangaliwe, kwa kuwa unaweza kutumika pia kuwapendelea jamaa na kuwaacha wageni.

Zaka, sadaka na wakfu

Mikoa ya Mtwara na Lindi ina Waislamu wengi, na fedha ya hisani ya zamani kuliko zote huku ni zaka. Watu wengi hudhani zaka ni ya chakula na nguo. Sivyo. Sura ya Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane yanayostahili, na mojawapo ni wenye madeni. Mpangaji aliyeshindwa kodi ni mdaiwa. Mtu mwenye mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85, na ikakaa mwaka mzima, anatoa asilimia 2.5, na hakuna kinachomzuia kumlipia mdaiwa wa pango. Masheikh wengi hushauri mdaiwa mwenyewe aipokee fedha au aridhie ilipwe kwa anayemdai, kwa kuwa zaka ni milki yake.

Mbona basi zaka haionekani kwenye kodi za Aprili? Sababu ya kwanza ni mazao yenyewe. Pwani yetu inafuata zaidi madhehebu ya Shafi, na kwa madhehebu hayo zaka ya mazao inatolewa kwenye vyakula vikuu vinavyohifadhika, kama mtama, mpunga na mahindi. Korosho, utajiri mkubwa wa kusini, haimo. Fedha ya korosho inaingia kwenye zaka kama fedha, yaani ikifika nisabu na ikatimiza mwaka. Sasa niambie ni wakulima wangapi ambao fedha ya Novemba inafika Novemba nyingine ikiwa benki. Mali imepita mikononi mwa watu wengi, na zaka yake imekuwa ndogo bila mtu yeyote kukosea.

Sababu ya pili ni kwamba watoaji wengi huitoa Ramadhani, kwa ajili ya fadhila za mwezi huo. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua. Ile ya 2024 ilianza Machi, hivyo fedha ilifika karibu kabisa na kodi ya Aprili. Ni sadfa njema, nayo inapita. Ifikapo 2030 Ramadhani itaanza mapema Januari, na nyingine itaanza mwishoni mwa Desemba ya mwaka huohuo. Mfuko unaotegemea Ramadhani peke yake utajikuta una fedha wakati wa korosho na hauna kitu wakati wa mvua. Sadaka ya hiari haina kifungo hicho. Inatolewa siku yoyote, inaweza kutunzwa, inaweza kukopeshwa na kurudishwa.

Lakini kama ningeulizwa nichague chombo kimoja cha zamani cha kufufua, ningechagua wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Kinachotumika ni pato lake. Mtu anaweka wakfu vyumba vinne vya kupangisha, au fremu mbili za duka, na pato linakwenda kwenye lengo alilolitaja. Fremu ya duka inalipa mwaka mzima. Haijui korosho, haijui Ramadhani. Ni fedha ya pango la mmoja inayolinda pango la mwingine, na inaendelea baada ya aliyeitoa kufariki. Udhaifu wake tunaujua: mtu anaweka wakfu kwa maneno mbele ya mashahidi wawili, mashahidi wanakufa, wajukuu wanauza. Ndiyo maana wadhamini wasajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la wadhamini, na lengo litajwe kwa maneno ya wazi. "Kwa ajili ya mambo ya kheri" itazaa ugomvi. "Kwa kodi ya pango ya mjane, yatima au mgonjwa wa mtaa fulani" itaeleweka hata miaka 50 ijayo.

Upande wa makanisa, kazi ya hisani huku ni ya muda mrefu pia. Masasi ilianza kama makazi ya watumwa walioachwa huru, walioletwa na wamisionari Waanglikana mwaka 1876, na Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Jumuiya ndogondogo huchangishana haraka kuliko shirika lolote ninalolijua. Taarifa ya msiba ikifika saa mbili, saa nne unga umeshafika. Kinachohitajika ni kuizoesha kasi hiyo na shida ambayo haina jeneza.

Kwa nini wafadhili huogopa kodi ya nyumba

Mfadhili wa mbali, awe taasisi ya nje au kampuni ya Dar es Salaam, hutoa fedha yenye lengo. Andiko la mradi linasema nini kitanunuliwa, kwa watu wangapi, kufikia lini. Madarasa, visima, mabati na vyoo vinaingia vizuri kwenye karatasi hizo kwa kuwa vinahesabika na vinabaki. Kodi ya pango haibaki. Imelipwa Aprili, Oktoba haipo. Haina jiwe la msingi. Zaidi ya hayo, fedha inaishia mfukoni mwa mwenye nyumba, mtu ambaye mfadhili hakukusudia kumsaidia. Nimewasikia watu wazuri kabisa wakisema: "Tukianza kulipia watu kodi tutamaliza lini?"

Ni swali halali, na jibu lake si kwamba hawana huruma. Jibu ni kwamba wanapima kitu kisicho sahihi. Msaada wa kuzuia unapimwa kwa jambo ambalo halikutokea: mtoto hakuhama shule, biashara ya maandazi haikufa, familia haikugawanywa. Chicago walikuwa na orodha za walioingia kwenye majengo ya kulaza watu, wakahesabu. Sisi hatuna majengo hayo. Mfuko wa Mtwara utalazimika kuuliza maswali mengine baada ya miezi sita. Je, bado mko pale pale? Watoto wote wanalala hapa? Wanasoma shule ile ile? Maswali matatu, simu moja. Mfadhili anayetaka ushahidi anaweza kupewa huo.

Kuna pia urefu wa njia. Fedha ikitoka nje hupita shirika la kimataifa, kisha shirika la ndani, kisha utambulisho halmashauri, kata, mtaa, kisha orodha ya walengwa, kisha uhakiki wa orodha. Kila kituo kina sababu yake. Tumewahi kuibiwa, na kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018, zinazotaka shirika litangaze hadharani fedha inayozidi shilingi milioni 20, hazikuja bila sababu. Ila notisi ya mwenye nyumba ni ya siku chache. Njia ya miezi mitatu haiwezi kuikimbilia notisi ya wiki mbili. Ndiyo maana fedha ya kodi lazima iwe imeshafika mtaani kabla ya shida, na maamuzi yafanyike palepale kwa kanuni zilizokubaliwa mapema, na mkaguzi aje baadaye kusoma stakabadhi.

Fedha za maafa zina tabia yake peke yake. Baada ya mafuriko ya Kilwa mwanzoni mwa 2020, watu walihitaji chakula, blanketi na mahema, na hizo ni siku ambazo wachangiaji hujitokeza. Shida ya nyumba huja baada ya mahema kuchakaa na redio kuhamia habari nyingine. Wala tusidhani kila mchango wa maafa ni wa nyumba za watu. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Rais Magufuli alisema wazi alipokwenda huko Januari 2017 kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na michango ilielekezwa zaidi kwenye miundombinu ya umma. Mtu anayetaka fedha yake iende kwenye paa la familia lazima aseme hivyo kwa maandishi wakati anatoa.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ambao mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012, imesaidia kaya nyingi za vijijini, na ruzuku yake si ya hisani bali ni ya serikali. Naitaja kwa sababu watu huichanganya na mifuko hii. Ruzuku ile ni ndogo, ya kila mara, ya kununulia chakula na kusomesha. Haikutengenezwa kuzima moto wa kodi ya mkupuo.

Mwenye nyumba yake naye yumo

Nimezungumza sana juu ya wapangaji, na wengi wa vijijini hawapangi. Tandahimba, Newala, Ruangwa, Liwale, mtu ana nyumba yake, hata kama ni ya miti na udongo. Yeye hukosa makazi kwa njia mbili.

Ya kwanza ni paa. Nyumba ya miti na udongo inaishi kwa upenu wake. Makuti au nyasi zikichoka, maji yanashuka ndani ya ukuta, udongo unalainika, mchwa wanapata unyevu na kula fito kuanzia chini. Methali ya ufa na ukuta huku si mfano wa maneno, ni taarifa. Kuezeka upya upande mmoja Septemba ni kazi ya siku mbili na nyasi kavu zipo. Kungoja mpaka Machi ni kujenga upya. Ilipofanyika tathmini ya fedha taslimu walizopewa kaya maskini na shirika la hisani la GiveDirectly huko Rarieda, Siaya, nchini Kenya, moja ya mambo yaliyoonekana wazi ni kwamba watu wengi walinunua mabati. Hawakuambiwa wanunue. Maskini anajua nyumba yake inaanzia wapi kufa. Mfuko unaotoa fedha ya paa kati ya Agosti na Oktoba unafanya kazi ile ile ya kodi ya Aprili, mapema kidogo tu.

Ya pili ni kifo cha mume, au talaka. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama, na zamani mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mwanamke alibaki kwenye ardhi ya kwao. Mjini utaratibu huo umevunjika. Kiwanja kiko kwa jina la mume, na akifariki ndugu wanafika na magari kabla ya arobaini. Hapa sheria iko upande wa mwanamke kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliweka msingi kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumni yake, yaani moja ya nane, na watoto wana mafungu yao.

Haki hizo hukwama kwa vitu vidogo vinavyohuzunisha: nauli ya kwenda Mahakama ya Mwanzo mara tatu, cheti cha kifo, nakala za karatasi, chakula cha mashahidi. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawamtozi mjane ada, lakini hawana fedha ya nauli yake. Sijui matumizi mengine ya hisani ambapo elfu chache huokoa nyumba nzima. Mfuko wa makazi usio na fungu la nauli ya mahakamani, kwa maoni yangu, haujakamilika.

Kudhamini kabla ya kulipa

Turudi kwa mpangaji, maana hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila kikundi kiifanye. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Tangu hapo kulipa miezi mitatu, sita au mwaka kumebaki kuwa makubaliano. Mwenye nyumba hataki mkupuo kwa ukatili. Wengi wao Mtwara ni wastaafu na wajane waliojenga vyumba vitatu uani, na mkupuo ndio ulinzi wao dhidi ya mpangaji atakayetoroka. Wanachoogopa ni kukosa. Mtu akiwaondolea hofu hiyo, baadhi yao wanakubali kodi ya mwezi kwa mwezi.

Tuseme kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 240,000. Mfuko wenye shilingi 2,400,000 ukilipa mikupuo utamaliza kwa familia kumi. Sasa tuseme mfuko hauwalipii, unawadhamini: unamwandikia mwenye nyumba kwamba mpangaji atalipa kila mwezi, na mwezi atakaoshindwa mfuko utalipa. Ukidhamini familia ishirini, na kila moja ikashindwa miezi miwili, umetoa 1,600,000. Familia ni mara mbili na bado sandukuni kuna 800,000. Wapo watakaoshindwa zaidi, na wapo ambao hawatashindwa hata mara moja. Fedha ya hisani ina nguvu zaidi inapokaa nyuma ya neno la mtu mwaminifu kuliko inapotumika mara moja na kwisha.

Fedha ya kuanzia itoke wapi? Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 300,000, sehemu kubwa ikitoka mikoa yetu hii miwili. Shilingi moja kwa kila kilo ingekuwa shilingi milioni 300. Siandiki hili nikiomba makato mapya. Wakulima wa kusini wamekatwa kwa kila jina, na neno hilo likitajwa kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, watu huondoka. Nalitaja ili tuone ukubwa wa jambo: kodi ya miezi sita ya familia 1,250 imo ndani ya shilingi moja ya kila kilo. Ikitolewa kwa hiari, na mkulima akajua jina la mtaa inakokwenda, haitakuwa makato.

Ipo pia michango ya wana kusini walioko Dar es Salaam na nje, kupitia makundi ya WhatsApp na namba ya simu ya mtu mmoja. Inafika haraka, na hapo ndipo ninapoipenda. Ila akaunti ya mtu mmoja inawaweka watu wema kwenye majaribu. Vikundi vya hisa tayari vina dawa: sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, hesabu zikisomwa kwa sauti. Vikundi hivyo vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kama daraja la nne, na husajiliwa kupitia halmashauri. Chombo kipo. Kinachosomwa kwa sauti kiwe kiasi, wala si jina la aliyesaidiwa. Majina yabaki kwa wale watatu.

Kikundi chetu kilibadilisha katiba mwaka uliofuata. Mstari mmoja ulichukua mikutano mitatu: kodi ya pango kwa mwanachama aliyepewa notisi, isiyozidi miezi miwili, ilipwe kwa mwenye nyumba kwa stakabadhi. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kurudisha. Wengine walisema msaada haurudishwi, wengine wakaogopa mfuko kukauka. Tulikubaliana mwezi wa kwanza ni msaada, wa pili unarudishwa kidogokidogo kuanzia Julai, ufuta ukishauzwa. Mstari huo niliuandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu pembezoni mwa ukurasa, chini ya ugonjwa, msiba na uzazi. Tangu hapo umetumika mara nne. Mwenzetu wa Chikongola hakuwapo siku ile tunapitisha. Yuko Dihimba bado, na mtoto wake mkubwa anasomea huko.